Msoma Mita

Nilipewa tochi, daftari, na ndoano ya kufungulia vifuniko.
Kaloleni, nyumba mia tatu na kumi na mbili.
"Kila mwezi, usiruke hata moja," akasema Bwana Kithome,
"na mbwa wa namba hamsini
msalimie kabla ya mwenyewe."

Siku za kwanza nilihesabu siku, si mita.
Miezi sita, nilijiambia, kisha nirudi Mwatate,
kwenye mkonge uliopangwa mistari
na njia zinazonijua hata gizani.

Julai ilinikuta na shati jepesi.
Nairobi nzima rangi ya maji ya kuoshea sufuria.
Baridi iliniingia mikononi ikatokea mdomoni:
nikawa nasema kwa mkato, kama watu wa hapa,
na kumbe nilikuwa nimeudhania ukali.

Ule mji mkubwa wanaousifu sikuuona. Niliinama.
Niliujua kuanzia chini:
buibui kwenye kisanduku,
chura wa namba tisa asiyehama,
kioo chenye ukungu, tarakimu,
kisha ndara za mtu aliyesimama kando,
kisha sauti: "Umeandika ngapi?"

Maji hayafichi mtu.
Za Naliaka zilikuwa uniti saba, zikaruka ishirini
mwezi walipozaliwa mapacha.
Za Mzee Okumbe zilishuka
baada ya kumzika mkewe Ugenya;
nne, mbili, moja,
mwezi mmoja nikaandika sufuri nikabisha hodi,
akaitika kutoka mbali, kama aliye ng'ambo ya mto.
Hadi asubuhi moja mita ikasema tatu.
Nikamkuta nyuma ya nyumba na kopo,
akimwagilia kunde alizoacha marehemu.
Sikusema kitu.
Niliiandika ile tatu kwa mwandiko mzuri.

Mbwa wa namba hamsini anaitwa Diwani,
kwa kuwa hubweka sana na huonekana wakati wa kula.
Siku hizi hunisindikiza hadi kona ya ukumbi,
hapo hukaa, mpaka wake umeishia hapo.

Sisemi ni mji mzuri.
Mtaro una harufu yake, na bili zina watu wake wa kuzilaani,
na wa kulaaniwa ni mimi, kwa kuwa ndiye ninayeonekana.
Kijana mmoja alinipokonya simu mchana kweupe,
akageuka, akasema, "Pole, kaka,"
na nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka.
Kule Nyayo korongo wenye vipara
wamesimama juu ya migunga
kama makarani waliosahauliwa kustaafishwa.
Kila nikipita nawapungia. Mmoja, naapa, hunijua.

Oktoba maua ya jakaranda hulala juu ya vifuniko.
Kazi haitaki hilo, lakini huyasogeza kwa kiganja mtu,
hayapigi teke.

Miezi sita ilipita, sijui ni lini.
Niliigundua kama mtu agunduavyo shati limepauka.

Jumanne mama akapiga simu.
Nikamwambia, "Huku kwetu maji yamekatika tangu juzi."
Upande wa pili kimya.
Nilisikia kuku wake, na mtu akipasua kuni.

"Kwenu wapi?"

Kalamu ilikuwa sikioni.
Mimi huyu, ambaye tarakimu moja ikikosewa
huirudia barabara nzima kuisahihisha,
nilitafuta neno la kufuta nisilipate,
ama nililipata nikaliacha.

Mama akakohoa kile kikohozi chake
cha kuweka jambo rafuni, si kulitupa.
"Huyo Naliaka na watoto wake wamechota ya kutosha?"
"Wamechota."
"Na yule mzee wa kunde?"

Sikumjibu upesi.
Nilikuwa nimebana simu kwa bega,
mikono yote miwili ikifunga kizibo cha dumu.